Kulaza kompyuta ya nyumbani ili uniti zisiishe ovyo

Kompyuta ya mezani ikiwashwa asubuhi na kuachwa hivyo mpaka usiku, saa nyingi huwa hakuna mtu mbele yake. Chukua CPU ndogo ya mtumba, zile Dell OptiPlex au HP ProDesk zilizojaa madukani, pamoja na kioo cha inchi 20 au 22. Zikiwa zimewashwa tu, hazifanyi kazi yoyote, vyote viwili hula wati 50 hadi 90 hivi. Tuseme 70. Zikikaa bure saa 10 kwa siku, hiyo ni uniti 0.7 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), kwa mwezi uniti 21. Mteja wa TANESCO, shirika la umeme Tanzania, wa kundi la T1 (la matumizi ya kawaida), kwa bei ya shilingi 292 inayofika 356.24 ukishaongeza VAT na tozo za EWURA na REA, analipa karibu shilingi 7,480 kwa umeme ambao haukumfanyia kitu. Kompyuta hiyohiyo ikilala saa zilezile, ikala wati 3 au 4, inamaliza kama uniti 1 kwa mwezi mzima.

Aliye kundi la D1 (la matumizi madogo ya nyumbani) ana sababu zaidi ya kujali. Huko uniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukizivuka, uniti ya ziada inaruka hadi 350. Uniti 21 za kompyuta iliyokaa bure ni zaidi ya robo ya hizo 75. Kenya nako tokeni hupanda bei kwa madaraja ya matumizi ya mwezi, kwa hiyo hesabu inaenda njia ileile.

Laptopu ni habari nyingine. Ikiwa imekaa bure inakula wati 10 hadi 20, hivyo kuilaza hakutabadilisha sana bili. Kwake faida kubwa ni betri, na tutaifikia.

Kabla ya yote, ondoa skrini seva. Zile samaki na mapovu yanayoelea kwenye kioo haziokoi umeme hata kidogo. Zilitengenezwa enzi za vioo vyenye mgongo, ambavyo picha ikisimama muda mrefu iliacha alama ya kudumu. Kwenye kioo bapa taa ya nyuma inabaki inawaka vilevile, na CPU inaongezewa kazi ya kuchora samaki. Kioo kizimike chenyewe, basi.

Namna nne za kuiacha

Ya kwanza ni kulala, inayoandikwa «Sleep» kwenye menyu. Prosesa, diski na feni vinazimika. RAM peke yake inaendelea kupewa umeme, kwa sababu RAM ikikosa umeme husahau kila kitu papo hapo. Mafaili uliyofungua yako humo yakikusubiri. Ukibonyeza kibodi, baada ya sekunde 2 hadi 5 uko ulipoishia. Kwa jina la kitaalamu hali hii ni S3, na utaliona jina hilo kwenye majibu ya mashine.

Ya pili ni haibaneti, «Hibernate». Yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, katika faili linaloitwa hiberfil.sys, kisha mashine inazimika kabisa. Unaweza kuchomoa waya, ukaihamishia chumba kingine, ukarudi baada ya wiki mbili na kukuta barua uliyokuwa ukiandika iko palepale. Kuwaka kunachukua muda zaidi: sekunde 15 au 20 kwenye SSD, dakika nzima au zaidi kwenye diski ya kuzunguka.

Ya tatu ni usingizi mseto, «hybrid sleep», na kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) hii ndiyo ya kuchagua. Mashine inaandika kila kitu kwenye diski kama haibaneti, halafu inalala kama kawaida. Umeme ukiwepo, inaamka haraka kutoka kwenye RAM. Ukikatika ikiwa imelala, ukiiwasha baadaye inasoma kutoka kwenye diski na hupotezi kitu. Gharama yake ni sekunde chache za ziada wakati wa kulala. Anayelaza kompyuta ya mezani kwa usingizi wa kawaida mtaani ambako umeme hukatika mara kwa mara anacheza kamari na kazi yake.

Ya nne ni kuzima, «Shut down». Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake upesi kesho. Ndiyo maana kompyuta yenye tatizo la sauti au la printa inazimwa usiku na kuamka na tatizo lilelile asubuhi. «Restart» ndiyo inayosafisha kila kitu. Ukitaka kuzima kamili, shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza «Shut down».

Na hata ikiwa imezimwa, maadamu soketi ya ukutani iko wazi, pawa saplai inaendelea kunyonya nusu wati hadi wati 2.

Ipi kwa muda gani

Wako wanaoogopa kwamba kuwasha na kuzima kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha. Hesabu haiwaungi mkono. Kuandika kwenye diski dakika moja na kusoma dakika nyingine, kwa wati 60, ni wati-saa 2 tu. Kompyuta iliyoachwa wazi kwa wati 70 inazimaliza wati-saa 2 hizo kwa dakika zisizofika 2.

Kati ya kulala na haibaneti tofauti ni ndogo. Inayolala inakula wati 3, ya haibaneti wati 1, pengo ni wati 2. Zile wati-saa 2 za kuandika na kusoma zinarudi baada ya saa moja. Kwa hiyo ukiondoka chini ya saa moja, kulala ni bora. Zaidi ya hapo haibaneti inashinda, ila inashinda kwa kiasi kidogo sana: usiku wa saa 8 unaokoa wati-saa zisizozidi 16, nusu uniti kwa mwezi. Hapa uamuzi utokane na hofu ya umeme kukatika na muda wa kusubiri mashine iwake, wati ziwe za mwisho. Palipo na akiba kubwa ni katika kutoka kwenye wati 70 hadi kwenye wati 3. Baada ya hapo ni sarafu.

Kuipanga Windows

Njia fupi inayofanya kazi kwenye Windows 10 na 11 ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika powercfg.cpl, kisha Enter. Ukurasa wa «Power Options» unafunguka. Upande wa kushoto bonyeza «Choose what the power buttons do», kisha «Change settings that are currently unavailable». Vile visanduku vya chini vilivyokuwa vimefifia vinakuwa hai. Tia alama kwenye «Hibernate», kisha «Save changes». Kuanzia hapo haibaneti inaonekana kwenye menyu ya kuzimia. Windows huificha tangu mwanzo, ndiyo maana wengi hawajawahi kuiona. Ukurasa huohuo unakuruhusu kupanga kitufe cha kuwashia kifanye nini kikibonyezwa. Nyumba yenye watoto, kipange kilaze mashine, maana kitabonyezwa tu.

Kama kisanduku cha haibaneti hakipo kabisa, fungua dirisha la amri kama msimamizi. Andika cmd kwenye kitufe cha kuanzia, bonyeza kulia, chagua «Run as administrator», kisha:

powercfg /h on

Muda wenyewe ni rahisi kuupanga humohumo kuliko kuzunguka kwenye menyu zinazobadilika kila toleo:

powercfg /change monitor-timeout-ac 5
powercfg /change standby-timeout-ac 15
powercfg /change hibernate-timeout-ac 60

Maana yake: kioo kizime baada ya dakika 5 bila kuguswa, mashine ilale baada ya 15, na iingie haibaneti baada ya 60. Kwa laptopu inayotumia betri, andika tena mistari hiyo ukibadilisha ac kuwa dc, na ushushe namba: 3, 10, 30 zinatosha. Usishangae usiku ukiona kompyuta iliyolala inaamka ghafla, taa ya diski inacheza sekunde chache, kisha inazimika. Imeamka ili iandike kwenye diski na kuingia haibaneti.

Usingizi mseto uko ndani zaidi. Kwenye «Power Options» bonyeza «Change plan settings» ya mpango unaoutumia, halafu «Change advanced power settings», fungua «Sleep», na kwenye «Allow hybrid sleep» weka «On».

Jambo la nafasi: hiberfil.sys huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Ukiwa na RAM ya GB 8, ni GB 3.2 hivi. Kwenye SSD ya GB 128 iliyojaa filamu utaisikia. Kuna watu wanaoelekeza wenzao waizime kwa powercfg /h off ili wapate nafasi, bila kuwaambia kwamba wamezima haibaneti, usingizi mseto na ule uwakaji wa haraka kwa mkupuo. Futa filamu.

«Sleep» haionekani, au mashine haikubali kulala

Kwenye dirisha lilelile la amri, uliza mashine yenyewe inaweza nini:

powercfg /a

Itaorodhesha aina za usingizi inazozimudu, na kwa kila isiyoiweza itataja sababu. Kwenye kompyuta za mtumba zilizowekewa Windows upya haraka haraka, sababu ya kawaida ni draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi ya picha. Duka limeweka Windows, likaishia hapo, na kioo kinaendeshwa na draiva ya msingi ya Microsoft, ambayo haijui kulala. Utaiona kwenye «Device Manager» chini ya «Display adapters»: ikiwa imeandikwa «Microsoft Basic Display Adapter», pakua draiva halisi kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia namba ya mashine iliyo kwenye stika, iweke, washa upya, na «Sleep» itarudi kwenye menyu.

Kama «Sleep» ipo lakini dakika 15 zinapita na mashine iko macho, kuna programu inayoizuia. Iulize:

powercfg /requests

Mahali panapoandikwa «None» hapana kizuizi. Pakiwa na jina, ndiye huyo. Mara nyingi ni kivinjari chenye video iliyoachwa ikicheza kwenye tabo ya nyuma, au mstari unaosema kuna mkondo wa sauti unatumika. Funga tabo, endesha amri tena, uone kama mstari umeondoka. Printa iliyokwama na kazi isiyochapishwa nayo huzuia.

Tatizo la upande wa pili ndilo linalokera zaidi: umeilaza saa 4 usiku, asubuhi unaikuta inanguruma. Kabla hujagusa chochote kingine, uliza nani kaiamsha:

powercfg /lastwake

Wanaoweza kuiamsha unawapata kwa:

powercfg /devicequery wake_armed

Orodha itakuwa na mausi, kibodi na kadi ya mtandao. Mausi ya taa juu ya meza inayotikisika inatosha kuamsha kompyuta kila lori linapopita barabarani. Fungua «Device Manager», bonyeza kulia jina la mausi, «Properties», «Power Management», ondoa alama kwenye «Allow this device to wake the computer». Acha kibodi peke yake iwe ndiyo ya kuamshia. Kwenye kadi ya mtandao, ondoa ruhusa kabisa kama hakuna anayeiamsha kompyuta kutoka mbali, na nyumbani kwa kawaida hayupo.

Kisha kuna saa za kuamshia zinazowekwa na programu, hasa masasisho ya Windows. Ziangalie kwa powercfg /waketimers. Kuzizima, rudi kwenye ile sehemu ya «Sleep» ya mipangilio ya juu, na «Allow wake timers» uiweke «Disable».

Ikiamka na kioo kikabaki cheusi huku feni ikizunguka, jaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja; hiyo inaanzisha upya draiva ya picha, na mara nyingi kioo kinarudi. Isiporudi, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 mpaka izime. Hali hiyo ikijirudia, ni draiva ya picha tena, au BIOS ya zamani (programu ya msingi iliyo kwenye bodi, inayowaka kabla ya Windows) inayohitaji kusasishwa.

Na feni inayoendelea kuzunguka wakati mashine eti imelala? Kwenye mashine za zamani, ingia BIOS utafute mpangilio wa aina ya usingizi, mara nyingi «ACPI Suspend Type». Ukiwa kwenye S1, mashine inasinzia tu, karibu vipuri vyote viko macho. Uweke S3.

Umeme ukirudi

Huu ni mpangilio ambao watu wachache wanaujua na unagharimu. BIOS ina kipengele kinachoamua mashine ifanye nini umeme ukikatika kisha ukarudi. Kwenye Dell kinaitwa «AC Recovery», na BIOS unaiingia kwa F2 mara tu unapowasha. Kwenye HP ni «After Power Loss», unaingia kwa F10. Kikiwa kwenye «Power On», kila umeme unaporudi saa 8 usiku kompyuta inawaka yenyewe, na kama hujaipangia muda wa kulala, inabaki macho mpaka asubuhi. Kikiwa kwenye kurudisha hali iliyokuwepo kabla umeme haujakatika, hapo pia mashine inaweza kuwaka, kwa sababu ilikuwa imelala, haikuzimwa. Kiweke «Power Off». Pamoja na kuokoa uniti, mashine haitakuwa inawaka katika zile dakika za kwanza ambapo umeme unarudi kwa kupandashuka, wakati ambao pawa saplai nyingi hufa.

Humohumo kwenye Dell kuna «Deep Sleep Control». Ukiiweka kwenye «Enabled in S4 and S5», mashine iliyo haibaneti au iliyozimwa inakula chini ya wati moja. Bodi nyingine huiita «ErP». Ubaya wake ni kwamba haitaamka kwa kibodi wala kwa mtandao, ila kwa kitufe chake tu, na soketi za USB hazitachaji simu ikiwa imezimwa.

Kuzima swichi ya ukutani kila usiku kunafuta hata hiyo nusu wati, na kunailinda mashine dhidi ya umeme wa kupandashuka. Fanya hivyo baada ya haibaneti au kuzima, kamwe usifanye ikiwa imelala. Ila ujue hili: saa ya ndani ya kompyuta huendeshwa na umeme wa soketi ukiwepo, na ukikosekana inategemea kile kibetri cha mviringo kilicho kwenye bodi, CR2032. Kwenye mashine ya mtumba kibetri hicho huwa kimechoka. Utazima soketi usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti kikidai cheti cha usalama si halali. Intaneti haina kosa. Chomoa waya, fungua kifuniko, badilisha kibetri, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha weka upya tarehe.

UPS

UPS nayo inakula. Ndogo za nyumbani hunyonya wati 5 hadi 15 kwa kuchaji betri yake na kuendesha saketi zake, hata kama hakuna kilichochomekwa. Kompyuta iliyolala kwa wati 3 ikiwa imechomekwa kwenye UPS inayokula 10, basi mlaji mkubwa ni mlinzi. Ukienda kulala, ingiza kompyuta haibaneti na uzime UPS pia. Iwashe mara moja moja ichaji ikiwa hutumii kompyuta kwa wiki kadhaa, maana betri yake ikikaa tupu inakufa.

Waya wa USB unaokuja na baadhi ya UPS, ule unaobaki kwenye boksi, una kazi. Uchomeke kwenye kompyuta, na Windows itaiona UPS kama betri ya laptopu. Kwenye mipangilio ya juu, sehemu ya «Battery», weka «Critical battery action» kuwa «Hibernate» na «Critical battery level» asilimia 20 hadi 30. Usiiache kwenye 5: betri ya UPS iliyozeeka huanguka ghafla, na mashine inahitaji dakika nzima kuandika RAM yote kwenye diski.

Laptopu mpya inayopata moto ndani ya begi

Endesha powercfg /a kwenye laptopu ya miaka ya karibuni, na kuna uwezekano mkubwa jibu likawa «Standby (S0 Low Power Idle)», na S3 haipo. Hii inalala kama simu: kioo kimezima lakini mashine inaendelea kuchungulia mtandao na barua pepe. Ikikwama katikati, na hukwama, unaitia kwenye begi ikiwa na asilimia 80, unaitoa ikiwa na 30 na ina joto la pasi. Ripoti ya kilichoila inatoka kwa powercfg /sleepstudy. Inatengeneza ukurasa unaoufungua kwenye kivinjari, na vipindi vilivyokula betri kupita kiasi vinaonekana kwa rangi nyekundu.

Dawa rahisi ni kupanga kufunga kifuniko kuwe haibaneti badala ya kulala. Ni ule ukurasa wa «Choose what the power buttons do», safu ya «When I close the lid», upande wa betri. Upande wa chaja unaweza kuuacha kwenye kulala.

Ukiwa na bando la usiku

Kompyuta iliyolala haipakui kitu. Anayesubiri bando la usiku ili apakue GB 20 hawezi kuilaza saa 6. Hapo zima kioo tu kwa kitufe chake, maana ndicho kinachokula wati 20 bure, na iambie mashine izime yenyewe baada ya muda unaokadiria. Saa 4 ni sekunde 14,400:

shutdown /s /t 14400

Ukibadili mawazo, shutdown /a inafuta agizo. Ukitaka haibaneti papo hapo, ni shutdown /h, ambayo haipokei muda. Kwa kuwa hii ya kwanza inafunga kila kitu, hifadhi kwanza ulichokuwa ukiandika.

Tahadhari moja ya flashi na diski za nje: usizichomoe kompyuta ikiwa imelala au iko haibaneti, ukaziandikia kwenye mashine nyingine, kisha ukazirudisha. Kompyuta inaamka ikiamini flashi iko kama ilivyoiacha, na inaandika juu ya kumbukumbu zake za zamani. Mafaili yanaharibika hapo.

Linux na Mac kwa ufupi

Kwenye Ubuntu na jamaa zake, systemctl suspend inalaza. Soma /sys/power/mem_sleep kwa amri ya cat: neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndiyo hali inayotumika. Ukiona deep ipo lakini mabano yako kwenye s2idle, mashine inasinzia tu; ongeza mem_sleep_default=deep kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha sudo update-grub, washa upya. Haibaneti ya huko inahitaji eneo la swap (sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM) lisilopungua RAM, na kwenye Ubuntu haiwi tayari tangu mwanzo.

Kwenye Mac, sudo pmset -c displaysleep 5 sleep 15 inapanga muda ikiwa kwenye soketi, na pmset -g assertions inamtaja anayeizuia kulala. MacBook huandika nakala kwenye diski inapolala. Mac mini na iMac haziandiki, kwa hiyo umeme ukikatika zikiwa zimelala, ambacho hukuhifadhi kimekwenda.

Kupima kwa mita yako

Huhitaji kifaa cha kununua. Mita ya LUKU, na ya tokeni Kenya, ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh: idadi ya mimweko kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na ruta pia, uache kompyuta na kioo peke yake. Hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata, mara tatu, uchukue wastani. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Kwa ya 1600, gawanya 2,250. Jibu ni wati. Sekunde 51 kwenye mita ya 1000 ni wati 70 hivi. Zima kioo, hesabu tena, na tofauti ndiyo sehemu ya kioo.

Usingizi wenyewe usijaribu kuupima hivyo. Kwa wati 3 mmweko mmoja ungechukua dakika 20 kwenye mita ya 1000, na mzigo mdogo namna hiyo unaweza usiisogeze mita kabisa. Ukisubiri dakika 5 bila kuona taa ikimweka, mashine imelala kweli. Ikimweka kila dakika, rudi kwenye powercfg /lastwake.